Kitalu si Shamba: Funzo Kutoka Barafuni

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Kauli hiyo tumeikariri tangu utotoni, tumeiandika ubaoni na kuisahihisha katika insha zisizo na idadi. Hata hivyo, methali yenyewe haituambii mvumilivu huyo afanye nini wakati tunda lingali bichi. Je, aketi chini ya mti akiyakodolea matawi macho? Apande alitikise tawi? Au ashike jembe, apalilie? Swali hili si dogo kwa mtu yeyote anayelea vipawa vya vijana, na jibu lake mimi nililipata mahali ambapo singetarajia kulitafuta: katika ukumbi wenye sakafu ya barafu, mjini Syracuse, jimbo la New York, nchini Marekani.

Nilikuwa huko masomoni, nikihangaika na tasnifu yangu ya uzamifu. Syracuse ni miongoni mwa miji ya Marekani inayoangukiwa na theluji nyingi zaidi, na mtu aliyelelewa magharibi mwa Kenya, akazoea mvua inayonyesha na kuanuka siku hiyo hiyo, huona kana kwamba majira ya baridi ya huko hayana mwisho. Mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa mji huo, alinionea imani, akanialika twende tukatazame hoki. Nilikubali upesi. Nilikuwa nimecheza mpira wa magongo katika shule ya upili, nikadhani kwamba nakwenda kuuona mchezo ninaoujua. Kumbe! Wachezaji walivaa viatu vyenye makali ya chuma, wakateleza kwa kasi ya kutisha, na badala ya mpira walikimbizana na kisahani cheusi ambacho macho yangu hayakuweza kukifuata. Kwa nusu saa ya kwanza nilishangilia kila waliposhangilia wengine.

Lililonishangaza zaidi, hata hivyo, halikuwa kasi yao. Nilipomuuliza mwenzangu ni nani aliye hodari kuliko wote miongoni mwa wachezaji wa nyumbani, alinionyesha kijana mmoja mfupi, kisha akaongeza, pasi na uchungu wowote, kwamba nimtazame vizuri kwa kuwa hatakuwapo siku nyingi.

"Kwani ana nini?" nikauliza.

"Hana lolote," akajibu. "Sisi tunamlea tu. Mwenyewe yuko Tampa."

Ili msomaji alielewe jibu hilo, hana budi kuujua mpango wenyewe. Ligi kuu ya hoki ya barafu huko Marekani na Kanada, inayojulikana kwa herufi NHL, ina timu 32. Chini yake ipo ligi ya AHL, iliyoanza mwaka wa 1936, nayo pia ina timu 32. Ulinganifu huo si wa bahati nasibu. Kila timu ya ligi kuu imefungamana na timu moja tanzu katika ligi ya chini. Tampa Bay Lightning, yenye makao yake mbali kusini katika jimbo la Florida, imefungamana na Syracuse Crunch tangu mwaka wa 2012. Tampa ndiyo iliyotia saini mikataba ya chipukizi hao, na ndiyo inayoamua nani apande na nani ashuke. Syracuse ina uwanja, ina mashabiki, ina basi, na ina jukumu la kuwakuza.

Kila mwaka timu za ligi kuu huteua chipukizi, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 18. Wachache mno huingia moja kwa moja katika ligi hiyo. Nathan MacKinnon, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka wa 2013, alicheza huko msimu uo huo, na mwishowe akatawazwa mchezaji mpya bora wa mwaka. Lakini sarufi, kama tujuavyo sisi walimu wa lugha, haijengwi juu ya vighairi. AHL hujinadi kwamba takriban asilimia 90 ya wachezaji wa ligi kuu walipitia mikononi mwake kabla ya kufika waliko.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Kijana akiwekwa katika ligi kuu kabla ya wakati wake, hupewa dakika chache za kucheza, na kocha anayehofia kushindwa humwondoa barafuni mara tu afanyapo kosa. Kijana huyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuogopa. Na aogopaye kukosea hathubutu kujaribu. Akiteremshwa katika timu tanzu, hucheza usiku baada ya usiku. Huingizwa wakati timu yake imezidiwa, huingizwa wakati mpinzani amepungukiwa mtu, huingizwa dakika ya mwisho wakati bao moja linatosha kuuangusha au kuuinua mji mzima. Katika msimu wa 2023-24 kila timu ya AHL ilicheza mechi 72. Aghalabu mechi hizo hurundikwa mwishoni mwa juma, pengine tatu kwa siku tatu mfululizo, na baina yake huwa kuna safari ndefu za basi.

Fauka ya hayo, kanuni za ligi yenyewe huwalinda vijana. Timu hairuhusiwi kujaza wakongwe kikosini. Sehemu kubwa ya wachezaji wake 18, mbali na makipa, sharti wawe wale ambao bado hawajapita idadi fulani ya mechi za kulipwa. Wala wakongwe hawatupwi. Wachache hubakizwa, maadamu yapo mambo ambayo kijana hafundishwi na kocha bali na mtu aliyeketi kando yake ndani ya basi saa nane za usiku.

Acha nirejee kwa yule kijana mfupi. Jina lake ni Tyler Johnson. Hakuna timu hata moja ya ligi kuu iliyomteua. Kwa vipimo vya mchezo huo, kimo chake hakikumtosha. Alikuwapo pia mwenzake kutoka Jamhuri ya Cheki, Ondrej Palat, aliyeteuliwa na Tampa mwaka wa 2011, lakini akiwa wa 208. Vijana hao wawili walianza malezi yao Norfolk, katika jimbo la Virginia, ambako Tampa ilikuwa na timu yake tanzu kabla ya Syracuse. Kocha wao, Jon Cooper, alikuwa mtu aliyeuacha uwakili akaufuata ukocha. Mwaka wa 2012 timu hiyo ya Norfolk ilishinda mechi 28 mfululizo, ikatwaa Kombe la Calder, ambalo ndilo kombe la AHL. Malezi yalipohamishiwa Syracuse mwaka huo huo, kocha na vijana wake walihama pamoja. Msimu uliofuata, ule nilioushuhudia mimi, Johnson alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa AHL nzima.

Mwezi wa Machi 2013 Tampa ilimwita Cooper akawe kocha wake mkuu. Johnson na Palat nao waliitwa msimu huo, wakaionja ligi kuu kwa mechi chache, kisha wakarudishwa Syracuse kuwania kombe. Walifika fainali, na mwezi wa Juni wakashindwa na Grand Rapids Griffins kutoka jimbo la Michigan. Nakumbuka jinsi watu walivyotoka uwanjani wakiwa kimya kama watokao matangani. Lakini hebu tazama kilichofuata. Mwaka wa 2014, wachezaji watatu waliofikia hatua ya mwisho ya kuwania tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi kuu walikuwa MacKinnon, Johnson na Palat: mmoja aliyeteuliwa wa kwanza, mmoja ambaye hakuteuliwa kamwe, na mmoja wa 208. Mwaka wa 2015 Tampa ilicheza fainali ya Kombe la Stanley. Mwaka wa 2020 na wa 2021 ililitwaa kombe hilo mara mbili mfululizo, kocha akiwa yule yule, na Johnson na Palat wakiwamo kikosini.

Mimi ni mwanaisimu, na nathubutu kusema kwamba siri mojawapo ya ufanisi huo ni ya kiisimu. Timu tanzu iliyo nzuri huzungumza lugha moja na timu kuu. Simaanishi Kiingereza, kwani vyumba vya wachezaji hao vimejaa Wacheki, Warusi na Waswidi. Namaanisha mpangilio wa mchezo: nani asimame wapi kisahani kinapopotea, nani amfuate nani, ishara gani hujibiwa kwa kitendo gani. Kijana hupigiwa simu mchana, akasafiri, na kesho yake jioni akacheza kando ya watu ambao hajapata kufanya nao mazoezi hata siku moja. Huwaelewa kwa sababu sarufi ni ile ile; kilichobadilika ni kasi ya usemi. Palipo na sarufi mbili, kijana hupanda akiwa mgeni, akitafsiri moyoni kabla ya kila hatua, na atafsiriye moyoni huchelewa. Yeyote aliyewahi kufundishwa Kiswahili cha mtihani, kisha akajikuta sokoni Mombasa akitakiwa ajibu papo hapo, anakijua ninachokisema.

Si timu zote zilizo na mwendo mmoja katika malezi haya. Detroit Red Wings, iliyofungamana na Grand Rapids tangu mwaka wa 2002, ilipata sifa ya kutowaharakisha vijana wake. Gustav Nyquist, Mswidi, aliteuliwa na Detroit mwaka wa 2008. Kwanza alikwenda Chuo Kikuu cha Maine, akacheza huko misimu mitatu, ndipo akatia guu Grand Rapids. Alikuwa miongoni mwa wale waliotuliza Syracuse mwaka wa 2013. Hata baada ya kulitwaa kombe hilo, aliuanza msimu uliofuata akiwa bado huko huko Grand Rapids. Hatimaye alipopandishwa, alifunga mabao 28 katika mechi 57 za ligi kuu. Hapo ndipo wapenzi wa subira huinuka na kupiga makofi.

Lakini tusiikimbilie hitimisho. Kuna atakayeuliza: je, angepandishwa mapema si angefunga zaidi? Swali hilo ni la haki. Mtunza kitalu yeyote anajua kwamba mche ukikawia mno ndani ya mfuko wake, mizizi hujizungusha na kujisonga, na hata ukija kupandwa baadaye katika udongo mwema, hudumaa. Katika hoki ipo kanuni ambayo, kwa athari yake, huzuia ukawiaji huo. Baada ya muda uliowekwa, mchezaji hawezi kuteremshwa tena kabla timu nyingine zote za ligi kuu hazijapewa nafasi ya kumchukua. Kwa hivyo mwenye mche hulazimika kuamua: aupande, au akubali kwamba jirani anaweza kuja kuung'oa. Subira isiyo na tarehe huwa ni jina jingine la kusahau.

Wala tusidanganyane kwamba kila mche hupandwa. Wengi hawapandi kamwe. Mkataba wa chipukizi mara nyingi huwa na mishahara miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na tofauti baina yake ni kama ya mlima na kichuguu. Wapo wanaofika umri wa miaka thelathini wakiwa bado ndani ya basi lile lile, magoti yamechakaa, na simu haijalia. Mfumo huu hauwaahidi nafasi. Unachopaswa kuwapa, unapokuwa wa haki, ni uwanja wa kweli wa kujipima, na ukweli wa mapema kuhusu kipimo chenyewe.

Wamarekani wana jina la kimtaani la timu hizi: huziita timu za shamba. Nimelitafakari sana jina hilo, nikaona halikidhi haja. Shambani mtu hulima, akapanda, akavuna pale pale. Kitaluni hakuna mavuno. Siku mche unapopendeza ndiyo siku unapoondolewa. Mtunza kitalu anayeficha miche mizuri nyuma ya banda ili wapitao waendelee kukisifu kitalu chake, amesahau kazi yake. Na bado, ajabu ni kwamba kitalu kilichozembea hakitoi miche. Syracuse ilitaka kombe, ikalililia, na ni kule kulitaka kulikowakomaza vijana; mechi isiyo na uzito haimfundishi mtu kubeba uzito. Timu tanzu, basi, yapaswa kutaka ushindi kwa moyo wote, na papo hapo kuwa tayari kuwatoa wale wanaouleta ushindi huo.

Mwalimu anayeisoma makala hii amekwisha kuniwahi. Nchi yetu haina barafu ila kileleni mwa Mlima Kenya, lakini magongo si mageni kwetu. Mwaka wa 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, lililochezewa Barcelona, Kenya iliyoongozwa na nahodha Avtar Singh Sohal ilimaliza ya nne. Tangu Seoul mwaka wa 1988 hadi Paris mwaka wa 2024, timu yetu ya wanaume haikurudi katika magongo ya Olimpiki. Vipawa havikukauka, shule kama vile Friends School Kamusinga na St. Anthony's ya Kitale zimejijengea jina kwa magongo, na zipo klabu na vyuo vikuu vinavyowapokea baadhi ya wahitimu. Lakini ni wangapi wanaomaliza Kidato cha Nne, wakalitundika gongo ukutani kama picha ya marehemu? Hata barafuni Wakenya wamefika. Mwaka wa 2018 vijana wa Ice Lions, waliojifunza mchezo katika uwanja mdogo ulio ndani ya hoteli jijini Nairobi, walipelekwa Kanada, ambako MacKinnon huyo huyo na Sidney Crosby walivaa jezi na kucheza pamoja nao. Walisafiri kote huko kwa kuwa nyumbani hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka wa 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hiyo ni hatua njema, ingawa timu iliyo peke yake, hata iwe hodari vipi, haina pa kumlea mtoto wala pa kumpeleka.

Nimeyasema haya yote kana kwamba niliyaelewa siku ile ile nilipoyaona. Sikuyaelewa. Miaka michache baada ya kurudi nyumbani, niliaminiwa kazi ya kugawa vipindi katika idara. Tulikuwa na mhadhiri msaidizi, binti aliyekuwa bora kuliko wanafunzi wote niliopata kuwasimamia. Kwa kuwa nilimwamini, nilimpa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi karibu mia nne, peke yake, juma la kwanza kabisa. Sikuenda kuketi nyuma ya ukumbi hata siku moja. Niliambiwa kwamba wanamzomea, nikasema atazoea. Muhula ulipokwisha alileta barua ya kujiuzulu, akaiweka mezani pangu kwa heshima zote, akasema: "Mwalimu, uliniamini, lakini hukunitayarisha." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ualimu aliuacha moja kwa moja.

Kosa lile ni langu, na tangu hapo nimejaribu kulima kwa namna nyingine. Mhadhiri chipukizi katika kozi ninazoziratibu huanza na kikundi cha wanafunzi ishirini. Ni kikundi cha kweli, chenye maswali ya kweli na alama zinazohesabiwa, si cha maigizo. Hutumia muhtasari ule ule na istilahi zile zile zitumiwazo katika mhadhara mkubwa. Mimi huketi nyuma, na akikosea hunyamaza hadi tutoke nje. Tena tangu siku ya kwanza tunakubaliana tarehe ya kuamua, ili asiozee hapo kwa uvivu wangu. Walimu wenzangu mnaopokea vijana wa mazoezi ya kufundisha, mkawakabidhi darasa zima kisha mkarudi katika chumba cha walimu kunywa chai, nadhani mnanielewa. Nanyi wanafunzi mnaoona kwamba mmewekwa mahali padogo, jiulizeni kwanza kama hapo mnacheza au mnatazama tu. Kama mnacheza, msiharakishe kulalamika.

Muhula uliopita kijana wetu mmoja alifikia tarehe yake, tukamkabidhi ukumbi mkubwa. Wale wanafunzi ishirini aliokuwa akiwafundisha walikuja ofisini kwangu wamenuna, wakataka kujua ni kwa nini tunawanyang'anya mwalimu wao mara tu alipoanza kufundisha vizuri. Niliwasikiliza hadi mwisho. Kisha nikawajibu kwa maneno niliyoyasikia miaka mingi iliyopita katika ukumbi wa barafu, kwamba sisi tulikuwa tunamlea tu.